Ukuta wa Joto kwa Mwalimu Zephania

Mama Victoria, jirani yetu wa upande wa chini, anasema aliuona ukuta wa Mwalimu Zephania ukipumua. Anasema ilikuwa asubuhi, jua halijatoka vizuri, baridi ile ya mwezi wa saba inayoacha nyasi za bondeni nyeupe kama zimemwagiwa unga. Alikuwa anapita nyuma ya nyumba ya Mwalimu kwenda kukamua ng'ombe wake. Pale kwenye maungio ya bati, ukuta wa mashariki, akaona mvuke unatoka. Si moshi, anasema, moshi anaujua. Ni mvuke kama wa mdomo wa mtu. Unatoka, unakata, unatoka tena. Akasogea, akaweka kiganja. Bati lote la ukuta ule lilikuwa na umande wa kuganda, lakini mahali pale palikuwa pakavu, na pana joto kama tumbo la ng'ombe mwenye mimba.

"Nikatoa mkono mbio," alituambia bombani. "Nikajisemea, Mama Victoria, leo umeshika kitu ambacho si cha kwako."

"Labda ulishika mgongo wa Mwalimu mwenyewe," mwenzake mmoja akasema.

"Mwalimu ana joto gani yule? Hata chai inapoa akishika kikombe."

Wakacheka, nami nikacheka kidogo, ndoo yangu ikijaa. Wengine walisema nyumba ile imebarikiwa. Mama Victoria hakukubali wala hakukataa, alisema tu kwamba yeye sasa anapita njia ya mbele. Mimi nikajitwika ndoo nikaondoka. Ukuta ule niliujaza mimi, kwa mikono yangu.

Naitwa Stefania. Nilimaliza darasa la saba nikabaki nyumbani, na tangu mama afariki nafanya kazi na kaka yangu Evaristi, ambaye ni fundi seremala. Yeye anapima na kukata. Mimi nashika upande wa pili wa mbao, napiga misumari ya chini, nabeba, nafagia maranda. Muda mwingi kazi yangu ni kungoja, na mtu anayengoja anaona mengi. Evaristi anasema nina macho ya kuku, kwamba naona punje pale ambapo mwingine anaona vumbi.

Mwaka juzi alikwenda semina ya wiki sita, Sumbawanga mjini, ya ujenzi wa nyumba za mbao. Alirudi na daftari lenye michoro, na jioni alikuwa ananisomea. Nyumba ya mbao, alisema, inavaa nguo kama mtu. Ndani kuna shati, ambalo ni nailoni, la kuzuia jasho la nyumba lisiingie ukutani: mvuke wa kupika, wa nguo mbichi, wa pumzi za waliolala. Katikati kuna blanketi. Nje kuna koti la kuzuia mvua na upepo. Lakini koti haligusi blanketi. Unapiga vipapi vya wima kwanza, vile vimbao vyembamba, ndipo unapigilia bati juu yake, ili nyuma yake ibaki nafasi ya vidole viwili, wazi chini na wazi juu, hewa ipande.

"Kwa nini?" nilimuuliza.

"Kwa sababu ukuta wowote utalowa siku moja. Maji yataingia tu, hata kwa tundu la msumari. Sasa lazima uyape njia ya kutokea."

Nilipenda maneno yale. Niliyaona ni ya kweli kabla hata sijaona nyumba yenyewe.

Mwalimu Zephania, aliyestaafu, ndiye wa kwanza kijijini kwetu kutaka nyumba ya namna hiyo. Mke wake, Bibi Dominika, ana maumivu ya magoti na viuno, na nyumba yao ya tofali ilikuwa inaingia baridi mpaka maji ya kunywa yanauma meno. Evaristi akachora nyumba ya fremu ya mbao za misindano, kuta nene za futi moja, nguzo mbili mbili, juu dari imara ya kuhifadhia mahindi. Kwa blanketi, daftari lilitaja pamba fulani ya dukani ambayo huku hakuna mtu ameiona. Evaristi akafikiri makapi ya ulezi. Kila mwaka tukishapura tunayachoma moto, ni mepesi, ni mengi, hayana mwenyewe. Ilikuwa akili yake mwenyewe na alijivunia, na mpaka leo siwezi kusema ilikuwa akili mbaya. Makapi yaliyopepetwa yakaisha punje, yakaanikwa yakawa makavu ya kukwaruza, yangefaa.

Yetu hayakupepetwa hivyo. Tulizoa yaliyobaki kwenye viwanja vya kupuria, punje zikiwa humo humo. Halafu mvua ya kwanza ya mwezi wa kumi na moja ikatukuta tumeezeka nusu, magunia yakiwa nje. Siku ya kujaza ukuta wa mashariki niliingiza mkono guniani mpaka kwenye kiwiko. Juu yalikuwa makavu. Katikati yalikuwa na ubaridi.

"Kaka, haya hayajakauka."

"Yatakaukia humo humo."

"Humo yatakauka vipi, na nailoni..."

"Stefa. Mwalimu anahamia Jumapili. Padri ameshaambiwa aje kubariki. Jaza."

Nikajaza. Nilishindilia kwa mpini wa jembe, gunia baada ya gunia, mpaka ukuta ukawa unalia kama godoro.

Na si hilo tu. Mwalimu alikuja na fimbo yake akaona vipapi vya wima vimesimama tayari kupokea bati, akauliza ile nafasi ya nini. Evaristi akamweleza. Mwalimu akacheka mpaka akashika mbavu. "Fundi, nimefundisha sayansi miaka thelathini na minne. Joto linatoka palipo wazi. Wewe unanijengea nyumba ya joto halafu unaacha tundu la upepo kuzunguka nyumba nzima? Ziba. Na nailoni piga pande zote mbili, ndani na nje."

Evaristi alitazama daftari. Niliona kidole chake kiko juu ya mchoro wenyewe. Kisha akalifunga, akang'oa vipapi. Ni vigumu kumbishia mtu aliyekufundisha kusoma. Tulipiga nailoni ndani, tukapiga nailoni nje, tukabandika bati juu yake, na makapi mabichi yakabaki katikati kama chakula ndani ya mfuko. Baadaye Mwalimu akaweka simtanki la kukinga maji ya mvua, akalisogeza likagusa ukuta ule ule wa mashariki, na maungio ya gata juu yake yakawa yanadondosha. Si sana. Tone, halafu tone. Yalipita nyuma ya bati, hukuyaona yanakoishia.

Karibu na Pasaka ndipo habari ilipoanza. Bibi Dominika alisema kanisani, baada ya misa, kwamba chumba chake kina joto bila jiko. Watu wakaenda kushika. Wakatoka wanatikisa vichwa. Ukuta ulikuwa na joto kweli, hasa upande wa kitanda, na baridi ilivyozidi mwezi wa tano na wa sita joto nalo likazidi. Mwalimu aliwaeleza wageni kwamba ukuta unakunywa jua mchana na kulitoa usiku, ni sayansi ya kawaida. Wakaiita nyumba inayojipasha. Evaristi akawa hapiti mahali bila kusimamishwa.

"Fundi, na kule Milepa utapeleka lini?" walimtania vijana. "Wale wanalala nje kwa joto."

"Wale nitawajengea inayojipoza," akajibu, na kwa jinsi alivyosema usingejua kama anatania.

Mimi lile joto nililijua. Mama yetu alikuwa anapika pombe ya ulezi, na kazi ya kimea ilikuwa yangu tangu nina miaka minane. Unaloweka ulezi, unautia guniani, unaukandamiza kwa jiwe. Siku ya pili ukiingiza mkono unakuta joto. Hapo lazima umwage, ugeuze, upoe. Usipogeuza, joto linazidi, ulezi unashikana bonge moja, unanuka uchachu, na ukija kulivuta gunia lenyewe linachanika kama karatasi iliyolowa. Hakuna jua lililoingia mle. Joto linatoka kwa sababu kuna kitu kinaliwa.

Nikaanza kwenda kwa Bibi Dominika, mara nimepeleka maziwa, mara kuni.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Ingia, ukae hapa kwa mume wangu." Alikuwa amesogeza kitanda mpaka kikagusa ukuta, na mgongo wake ameuegemeza hapo. "Yule mwingine akinuna anageukia kule. Huyu hageuki."

"Mwalimu atasikia, Bibi."

"Asikie. Miaka hamsini namsikia yeye."

Nilikaa kando yake nikapeleka kiganja ukutani taratibu, kama mtu anayetafuta mahali pa kuegemea. Mwanzo wa mwezi wa tano joto lilikuwa usawa wa goti langu. Nikakwaruza alama ndogo kwa msumari kwenye ubao wa ndani. Baada ya wiki mbili lilikuwa juu ya alama. Nikakwaruza nyingine. Kufikia mwezi wa saba nilikuwa na alama tano, na ya juu kabisa ilinifika begani. Joto lilikuwa linapanda. Na kule chini, lilikotoka, kulikuwa na baridi kuliko chumba chenyewe. Nilibonyeza ubao kwa dole gumba usawa wa alama ya kwanza. Ukaingia, kama parachichi.

Siku hiyo hiyo nilizunguka nje, nikajibana kati ya simtanki na bati, nikainama. Pale chini kabisa, ukuta unapokalia msingi wa mawe, kuna mbao ya chini inayobeba nguzo zote. Nilikuwa na msumari wa inchi sita. Sikutumia nyundo. Niliusukuma kwa kiganja ukazama mpaka kichwa. Nilipouvuta ulitoka umelowa, una ute wa kahawia, unanuka machicha ya pombe iliyosahaulika mtungini. Juu ya mbao ile kulikuwa na nguzo, juu ya nguzo kulikuwa na dari.

Nikarudi ndani.

"Bibi, kitanda ungekisogeza kule dirishani, upate mwanga."

"Mwanga nikaufanyie nini, nasoma gazeti?"

"Hewa basi."

"Hewa ya Ufipa naijua, imenila magoti." Akajifunika shuka vizuri. "Jumamosi watu wanakuja kupandisha mahindi darini. Mwalimu anataka magunia yakae huku, juu ya huu ukuta. Anasema joto litayakausha upesi. Pombe nimeshaiweka, inachemka yenyewe pale jikoni, njoo usaidie kuchuja."

Nilitazama juu. Dari ilikuwa imenyooka, nzuri, mbao zimerandwa zikang'aa. Niliiranda upande mmoja mimi mwenyewe.

Evaristi nilimkuta karakana. Alikuwa ameinamia mlango, anaranda ukingo wa chini, na maranda yaliyokuwa miguuni pake yalikuwa na rangi ya bluu. Mlango wa bluu kijijini kwetu ni mmoja tu, wa chumba cha Bibi Dominika. Na lile lilikuwa rundo la pili, kwa sababu la kwanza nililifagia mimi wiki mbili nyuma bila kuuliza.

"Mlango wa Bibi," nikasema.

"Umevimba. Mbao inavimba."

"Mwezi wa saba, Kaka? Mwezi wa saba kila mbao inasinyaa."

Akaranda mara mbili zaidi, kisha akaweka randa chini.

"Nyumba imeshuka kidogo upande ule," akasema. "Kama kidole kimoja."

"Ulijua."

"Sasa unafikiri sijui? Mimi ni fundi au ni mpita njia?" Alisema kwa sauti ya chini, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyonitisha. "Sikiliza. Jumamosi anakuja Christopha, yule wa Matai. Ana viwanja vinne, anataka nyumba nne za namna ile, za kupangisha watumishi. Anakuja kuushika ukuta tu. Akishaondoka, Jumatatu naweka jeki, nafungua ukuta, natoa makapi yote, nabadilisha nguzo, naacha ile nafasi ya hewa kama daftari linavyosema. Mwalimu namwambia ni matengenezo ya mwaka wa kwanza. Hakuna atakayejua."

"Na hizo nne za Matai?"

"Hizo nitajenga sawasawa. Ndiyo maana nazitaka."

Nilimwamini kwa hilo. Ningependa ieleweke kwamba kaka yangu si mtu mbaya.

"Jumamosi ndiyo siku ya mahindi," nikasema.

"Nani kakwambia?"

"Bibi. Pombe imeshawekwa. Magunia thelathini na mawili, na Mwalimu anataka yakae mashariki yote."

Evaristi akaokota randa, akapuliza vumbi lake. Upepo ulikuwa unazungusha maranda ya bluu mlangoni.

"Nitamwambia," akasema. "Nitamwambia yakae magharibi, nitatafuta sababu. Wewe usiseme kitu. Mimi nitamwambia."

Alikwenda kurudisha mlango siku ile ile. Sikuuliza kama alisema. Ijumaa nzima nilichuja pombe jikoni kwa Bibi, na mara mbili nilimwona Evaristi uani akizungumza na Mwalimu, mara mbili Mwalimu akacheka, na nikajua bado.

Jumamosi watu walikuja jua likiwa limeshawaka, wanaume kumi na kitu, na Polikarp, mume wa Mama Victoria, mbele yao anaimba. Huku kwetu ukiita watu kwa kazi, pombe ikishaiva, kazi haiahirishwi. Hakuna mtu anayemwambia mwenzake aliyekuja na mabega yake matupu kwamba arudi nyumbani, mahindi yatapanda wiki ijayo. Ni kama kumfukuza. Magunia yalikuwa yamepangwa uani. Ngazi ilisimamishwa kwenye ukumbi mwembamba, mbele ya mlango wa Bibi, chini ya tundu la dari. Evaristi alikuwa juu ya ngazi, yeye ndiye wa kupokea na kusukuma ndani, na huko juu alikuwepo kijana wa Mwalimu wa kuyapanga.

Gunia la kwanza lilipopanda nilikuwa namtazama kaka yangu mdomo. Nikangoja aseme magharibi. Alisema, "Lete."

Nyumba haikufanya kitu. La pili, la tatu, la nne. Watu wakaimba. Kufikia la saba nilisikia sauti ndogo, kama mtu anayekunja kidole, ndani ya ukuta. Nikatazama kama kuna mwingine aliyesikia. Polikarp alikuwa anafuta jasho, anasema gunia hili Mwalimu ametia mawe.

"Wewe beba, acha kupima," wakamwambia. "Kikombe chako kinakungoja."

Christopha akafika na pikipiki, mtu mnene mwenye koti la ngozi, anapuliza vidole vyake kwa baridi. Mwalimu akampeleka moja kwa moja chumbani kwa Bibi. Akasalimia, akaomba radhi, akaweka viganja vyote viwili ukutani.

"Aisee!" akasema. "Huu ukuta kama mtu mwenye homa."

"Sayansi," Mwalimu akasema.

Niliingia. Sikuwa nimepanga, miguu yenyewe iliingia.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, Stefania."

"Mwalimu, naomba magunia yawekwe upande wa magharibi. Na haya yaliyopanda yashushwe."

"Kwa nini?"

"Nguzo za huku chini zimeoza."

Wimbo ukakatika ukumbini. Mwalimu akanitazama, kisha akamtazama Christopha, akatabasamu kama alivyokuwa anatabasamu darasani kabla ya kumsimamisha mtu.

"Huyu nilimfundisha darasa la tano," akamwambia. "Nikauliza kwa nini maji yanachemka. Akaandika, kwa sababu yamefungiwa." Watu wakacheka. "Zimeoza! Mbao zina miezi minane tu, mwanangu. Hata mchwa bado hajapata anwani." Wakacheka zaidi. Akainua uso kuelekea mlangoni, ambako miguu ya Evaristi ilionekana kwenye ngazi. "Fundi! Dada yako anasema nguzo zako zimeoza. Zimeoza?"

Evaristi akashuka ngazi moja, tukamwona uso. Alimtazama Christopha, ambaye mikono yake ilikuwa bado ukutani. Mimi hakunitazama.

"Nyumba ni imara, Mwalimu."

"Umesikia?" Mwalimu akasema. "Haya, kazi."

Wimbo ukaanza tena. Nilikwenda kwa Bibi, nikapiga magoti kando ya kitanda. Nikamwambia kwa Kifipa, polepole, kwamba nyumba hii inaliwa kutoka chini, kwamba joto analoliegemea ni joto la kimea kisichogeuzwa, na yeye anajua kimea kuliko mimi. Aliniangalia. Nina hakika alinielewa, kwa sababu mkono wake ulikwenda nyuma ukagusa ubao, ukashuka, ukashuka tena mpaka kwenye baridi, ukasimama hapo.

"Nilidhani ni magoti yangu yanayosikia vibaya," akasema.

"Twende kwetu Bibi. Nitakuwashia moto."

"Mbele ya watu wote hawa? Niondoke kwenye nyumba ya mume wangu, nikiwa na wageni, nimewapikia pombe?" Akatikisa kichwa. "Nitatoka wakishamaliza. Wacha wamalize, pasiwe na aibu, halafu nitatoka."

Juu yetu gunia likabwagwa, na mstari mwembamba wa makapi ukaanza kumwagika kutoka pembeni, pale ubao wa ukuta unapokutana na dari, ambapo asubuhi hapakuwa na upenyo. Yalikuwa meusi. Yalianguka juu ya shuka la Bibi, na yalikuwa na joto, niliyashika. Christopha aliyaona pia. Aliondoa mikono ukutani, akaifuta kwenye koti, akauliza kama kuna panya. Mwalimu akasema nyumba mpya hazikosi vumbi.

Nikapanda kitandani. Nikakaa kando ya Bibi, bega kwa bega, mgongo ukutani kama yeye. Kutoka hapo, mlango ukiwa wazi, nilimwona Evaristi vizuri, na yeye alituona. Alikuwa na gunia begani, nusu yake imeshaingia kwenye tundu la dari, mkono mmoja umeshika ngazi. Aliniona nilipokaa. Aliona na makapi yanayotiririka kati yetu na yeye, na yeye peke yake, kati ya watu wote waliokuwa mle, alijua ni nini.

Ndani ya ukuta, nyuma ya kiuno changu, ile sauti ya kukunja kidole ikaja tena, sasa mara tatu zikifuatana.

"Kaka," nikasema. Sikupiga kelele, lakini wimbo ulikuwa umefika pahali pa kuvuta pumzi na kila mtu alinisikia. "Mimi na Bibi tuko hapa, hatutoki. Wewe ndiye fundi, wewe watakusikia. Waambie washushe."

Evaristi alisimama na gunia lake. Chini ya ngazi, Polikarp alikuwa ameshainua jingine, anangoja nafasi.